Kona ya Kitonga haitibiwi kama kona ya Shinyanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalojirudia kwenye habari za ajali. Lori au basi likipinduka kwenye kona ya barabara kuu, kesho yake tunasoma kwamba dereva alikuwa katika mwendo kasi na gari likamshinda. Mara nyingi ni kweli, lakini maelezo hayo hayamsaidii dereva anayefuata, wala hayamwambii mhandisi wa mkoa aanzie wapi. Kilometa 60 kwa saa ni mwendo salama kabisa kwenye kona moja, na kwenye nyingine ni mwendo wa kupindua tela. Kinachotofautisha kona hizo mbili kinapimika kwa kamba, rula na pimamaji: ukali wa kona, mwinamo wa lami, na umbali ambao dereva anaweza kuona mbele yake.

Hoja yangu ni kwamba hayo matatu hayakutokea kwa bahati. Yamepangwa na sura ya ardhi ya mkoa husika, na kwa hiyo dawa yake nayo lazima itofautiane mkoa kwa mkoa. Kupanda kibao kilekile na kumwaga matuta yaleyale kuanzia Pwani hadi Songwe ni kutibu magonjwa matano kwa kidonge kimoja.

Nianze na hesabu, maana bila hiyo tutabaki kulaumiana. Gari linapoingia kwenye kona hutaka kuendelea moja kwa moja. Vitu viwili tu hulirudisha njiani: msuguano wa matairi na lami, na mwinamo wa barabara, yaani upande wa nje wa kona kuinuliwa kuliko wa ndani. Kanuni wanayoitumia wasanifu ni hii: chukua kasi kwa kilometa kwa saa, izidishe kwa yenyewe, kisha gawa kwa 127 mara jumla ya mwinamo na msuguano. Jibu ni nusu kipenyo kidogo kabisa cha kona, kwa mita. Mwinamo wa asilimia 8 huandikwa 0.08. Msuguano unaoruhusiwa kwenye usanifu hupungua kadiri kasi inavyopanda: karibu 0.17 kwa kilometa 60, 0.14 kwa 80 na 0.12 kwa 100. Ukipiga hesabu kwa mwinamo huo wa asilimia 8, kona ya kilometa 60 inahitaji nusu kipenyo kisichopungua mita 113, ya 80 mita 229, na ya 100 mita 394.

Tazama namba hizo vizuri. Kutoka 60 hadi 100 kasi haijafika hata mara mbili, lakini kona inapaswa kuwa pana zaidi ya mara tatu. Hiyo ni kwa sababu kasi inazidishwa kwa yenyewe, na pia kwa sababu msuguano unaotegemewa unashuka. Ndiyo maana dereva anayeongeza kilometa 10 tu kwenye kona kali hubadilisha mambo kuliko anavyodhani.

Kwa gari dogo kuna akiba. Msuguano wa kwenye usanifu uko chini ya ule ambao tairi zima linaweza kutoa kwenye lami kavu, kwa hiyo gari dogo likizidisha kidogo abiria watayumba na matairi yatalia kabla halijateleza. Lori lililosheheni halina akiba hiyo, kwa kuwa hupinduka kabla ya kuteleza. Chukua tela ambalo kitovu cha uzito wake kiko mita 2.4 kutoka chini, na nusu ya upana kati ya matairi yake ni mita 1. Hesabu ya mezani inasema litapinduka nguvu ya pembeni ikifika 0.42 ya uzito wake. Springi zikilala upande mmoja na matairi yakibonyea, kiwango hicho hushuka hadi karibu 0.35. Sasa lipitishe kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 na mwinamo wa asilimia 8. Kwa kilometa 40 nguvu ya pembeni inayobaki baada ya kutoa mwinamo ni 0.17, hakuna shida. Kwa 50 ni 0.31, mashaka matupu. Kwa 60 ni 0.49, na tela liko mtaroni. Mizigo mirefu kwenda juu ndiyo hatari zaidi: nguzo na mbao kutoka Mafinga, pamba kutoka Simiyu, na matangi ya mafuta yaliyojazwa nusu, kwa sababu kimiminika hukimbilia upande wa nje wa kona na kuhamisha uzito palepale.

Sasa twende kwenye ramani. Tanzania ina mikoa 31, na 26 kati yake iko bara. Mpangaji wa kona haiangalii kwa mipaka ya utawala bali kwa jinsi ardhi inavyoinuka na kukatika. Kuna ukanda wa chini wa pwani. Nyuma yake imejipanga milima ya Tao la Mashariki: Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa. Nyuma ya hiyo ni uwanda wa juu unaochukua sehemu kubwa ya nchi. Uwanda huo umepasuliwa na Bonde la Ufa kwa mikono miwili, mmoja ukipita Natron, Manyara na Bahi, mwingine ukifuata Ziwa Tanganyika, Rukwa na Nyasa, na mikono hiyo inakutana eneo la Mbeya. Barabara kuu zetu zikiwa juu ya uwanda hunyooka. Zikifika kwenye kingo hizo hazina budi kupinda. Ukijua kingo ziko wapi, unajua kona kali ziko wapi hata kabla hujafika.

Kitonga, mkoani Iringa, ndipo barabara ya TANZAM, yaani ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia, inapoacha bonde la Ruaha baada ya Ruaha Mbuyuni na kupanda kuelekea Ilula. Sekenke, mkoani Singida, ndipo barabara ya kwenda Nzega inapodondoka ukingoni kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Nyang'oro, kati ya Iringa na Mtera, ni ukingo wa namna hiyohiyo upande wa kaskazini. Mto wa Mbu kwenda Karatu ni ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara. Mombo kwenda Lushoto ni kupanda Usambara kwa barabara nyembamba iliyong'ang'ania ubavu wa mlima. Na Mbeya, kwa kuwa mikono ya Bonde la Ufa inakutana kwake, ina miteremko pande karibu zote: Iwambi kuelekea Mbalizi, na Igawilo kwenye barabara ya Tukuyu na Kyela.

Katika sehemu hizo kona na mteremko huja pamoja, na hilo ndilo linaloharibu hesabu ya kawaida. Tairi lina kiasi kimoja tu cha kushika lami. Likikitumia kwa breki, kinachobaki kwa kukata kona ni kidogo. Dereva anayeshuka Kitonga na shaba ya kwenda bandarini, gari zima likikaribia tani 56 ambazo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu, akifika konani akiwa bado amekanyaga breki, anazitaka tairi zifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Kasi ipungue kabla ya kona, kwa gia. Breki ya mguu ikishikiliwa muda mrefu hupata moto, pedi hupoteza ukali, na upepo wa breki hushuka kuliko kompresa inavyoweza kuurudisha. Kanuni ya zamani ya madereva wa malori, kwamba mlima ushuke kwa gia uliyopandia, bado ni nzuri, ila kwa injini za leo zenye nguvu ya kupanda kwa gia kubwa yafaa kushuka hata kwa gia ndogo zaidi ya hiyo.

Mteremko hurefusha pia umbali wa kusimama. Kwa kilometa 60 kwenye barabara tambarare, ukihesabu sekunde 2.5 za dereva kuona na kuamua, gari linahitaji karibu mita 83, na wasanifu huandika 85. Kwenye mteremko wa asilimia 8 umbali huo unafika mita 95. Hizo ni namba za breki nzima na lami yenye meno, yaani isiyoteleza. Lori lililozidisha mzigo, na breki zimeshapata moto, halimo kwenye hesabu hii kabisa.

Kuna kosa jingine la milimani ambalo wengi hawalifikirii: mwinamo kupita kiasi. Mtu anaweza kudhani kwamba kona kali ikiinamishwa zaidi itakuwa salama zaidi. Lakini kwenye mpando wa Kitonga au Sekenke malori hupanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, na mengine husimama katikati. Lori refu lililosimama kwenye mwinamo mkubwa hulalia upande wa ndani, na lami ikiwa na mvua au mafuta yaliyomwagika hutambaa kuelekea huko. Tena mteremko na mwinamo hujumlishwa: mteremko wa asilimia 8 na mwinamo wa asilimia 8 hutoa mwelekeo wa kushuka kwa mshazari wa zaidi ya asilimia 11. Kwa hiyo kwenye kona za mlimani mwinamo huwekwa kwa wastani, na kasi ndiyo hulazimishwa kushuka.

Upana nao. Matairi ya nyuma ya tela hayafuati njia ya matairi ya mbele, hukatiza ndani. Kukadiria, chukua umbali kati ya ekseli za kichwa cha lori, uzidishe kwa wenyewe, ongeza umbali wa tela uliozidishwa kwa wenyewe, gawa kwa mara mbili ya nusu kipenyo. Kichwa cha mita 4 na tela la mita 9 kwenye kona ya mita 50 hukatiza karibu mita 1. Njia mbili zinakutanisha malori mawili, kwa hiyo barabara inahitaji karibu mita 2 zaidi hapo konani kuliko kwenye mnyoofu, yaani sehemu iliyonyooka. Pasipo upana huo, tela linalopanda litakanyaga bega la ndani, yaani ukanda ulio kando ya lami, na kulibomoa, au linaloshuka litaingia upande wa mwenzake. Ukiona ukingo wa lami umeliwa upande wa ndani wa kona, na mahali pengine hakujaliwa, umeshapata jibu bila kupima.

Tuhamie Shinyanga, Simiyu, Tabora na sehemu kubwa ya Singida. Huko ardhi haina ukingo wa kupinda. Barabara inanyooka kilometa nyingi, dereva anazoea kasi, masikio na macho yanasahau kwamba anakimbia. Kisha inakuja kona moja, pengine kwa sababu ya daraja. Madaraja mengi ya zamani yalijengwa yakikata mto mstari mfupi kabisa ili kuokoa gharama, na barabara ikapindishwa kabla na baada ya mto ili ifike pale. Kona hiyo yenyewe inaweza isiwe kali. Ingekuwa Lushoto isingetajwa na mtu. Kosa lake ni kuwa peke yake baada ya mnyoofu mrefu. Wasanifu wana kipimo kizuri cha jambo hili: linganisha kasi ambayo madereva 85 kati ya 100 hawaizidi kwenye mnyoofu na kasi yao hiyo hiyo konani. Tofauti ikiwa chini ya kilometa 10 kona iko sawa na barabara yake. Ikizidi 20, kona hiyo ni mtego, na ajali zake zitarudi kila mwaka hata polisi wakikaa hapo.

Dawa ya kona ya namna hii huanza na kumwambia dereva mapema. Anayekwenda kilometa 100 na anatakiwa kuingia kwa 60 atatumia mita 69 kuona na kuamua, na mita 165 kupunguza taratibu bila kuwarusha abiria. Jumla ni karibu mita 234. Lori la kilometa 80, ambayo ndiyo kasi ya juu kisheria kwa mabasi na magari mazito, likitakiwa kuingia kwa 50 linahitaji karibu mita 156. Kibao cha kona kilichowekwa mita 50 kabla ya kona, chenye mchoro tu bila namba ya kasi, kinamwambia dereva jambo ambalo tayari analiona. Kinachohitajika ni kibao cha mapema chenye namba, kisha vibao vya mishale kwenye ukingo wa nje vilivyopangwa ili dereva aone angalau viwili au vitatu kwa pamoja muda wote anaokata kona. Matuta ya kupunguza mwendo hayafai hapa. Tuta ndani ya kona, au kwenye mteremko unaoingia konani, huinua ekseli za tela wakati zinapohitaji kushika lami zaidi.

Mikoa hiyo tambarare ina ugonjwa mwingine wa chinichini: udongo mweusi wa mbuga. Huvimba masika na kupasuka kiangazi. Katikati ya barabara, ambako lami huzuia maji, unyevu haubadiliki sana, lakini kwenye kingo hubadilika kila msimu. Matokeo yake ukingo wa nje wa kona hushuka polepole, na mwinamo uliojengwa asilimia 6 unaweza kubaki nusu yake bila shimo hata moja kuonekana. Barabara inaonekana nzima, kona imeharibika.

Kuna pia maji. Barabara kwenye mnyoofu ina mgongo katikati, kila upande ukishuka asilimia 2.5. Kuingia konani, upande wa nje lazima ugeuzwe kutoka kushuka asilimia 2.5 hadi kupanda asilimia 8. Kwa njia ya upana wa mita 3.5, ukingo huo unainuka sentimita 37. Kwa barabara ya kilometa 80 haifai ukingo uinuke zaidi ya mita 1 kwa kila mita 200 kuliko mstari wa kati, kwa hiyo mageuzi hayo yanachukua zaidi ya mita 73. Mahali fulani ndani ya mita hizo lami inakuwa bapa kabisa, haina mwinamo wa kulia wala kushoto. Milimani si tatizo, maji hukimbia kwa mteremko. Tabora na Shinyanga, kama mhandisi hakuweka mteremko wa kufuata urefu wa barabara wa angalau asilimia 0.5 mahali hapo, maji husimama, na ni palepale dereva anapoanza kuzungusha usukani. Wakandarasi wanaofupisha mageuzi hayo ili kuokoa kazi huleta hasara mbili: bwawa la maji, na gari linalotikiswa ghafla upande.

Nyanda za juu za kusini, Njombe hasa na mkoa wa Mbeya upande wa Rungwe, zina ukungu na mvua ndefu. Huko nguvu ielekezwe kwenye meno ya lami na alama zinazorudisha mwanga: mstari wa ukingo, vijiti vyenye vioo vya kuakisi, mishale iliyooshwa. Kwenye ardhi ya vilima ya Kagera na Kigoma angalia kona iliyojificha nyuma ya kilele cha kilima. Dereva akifika juu haoni barabara imekwenda upande gani, na mara nyingi hufuata nguzo za umeme au mstari wa miti akidhani barabara iko huko. Kona ya namna hiyo ianze kabla ya kilele ili macho yaione ikipinda. Lindi na Mtwara tatizo langu kubwa ni mchanga: mabega husombwa, na mchanga huvutwa na matairi hadi juu ya lami konani.

Nirudi kwenye kuona, kwa sababu hapa ndipo fedha kidogo huokoa watu wengi, katika mikoa yote. Kona ya nusu kipenyo cha mita 113, inayopitwa kwa kilometa 60, inahitaji dereva aone mita 85 mbele. Ili aone hivyo, upande wa ndani wa kona lazima uwe wazi. Kiasi gani? Zidisha umbali wa kuona kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya nusu kipenyo: inatoka mita 8 kutoka katikati ya njia ya ndani. Mahindi yaliyofika kwenye mabega ya barabara, vichaka vya baada ya masika, lori lililoegeshwa, meza ya nyanya au vitunguu, vyote vikiwa ndani ya mita hizo 8 vinafupisha macho ya dereva. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imezipa barabara kuu na za mikoa hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande, kwa hiyo nafasi ya kisheria ya kusafisha ipo. Kufyeka upande wa ndani wa kona kungepaswa kuandikwa kwenye mkataba wa matengenezo kwa mita na kwa mwezi, tofauti na kufyeka kwa kawaida kwa mita 2 kila upande. Wafanyabiashara wasifukuzwe tu, watengenezewe eneo la kuegesha magari kwenye mnyoofu, mita 200 au zaidi kutoka konani, maana wateja wao ni madereva walewale.

Kosa la matengenezo linalonisikitisha kuliko yote ni hili: barabara inapowekwa tabaka jipya la lami, mashine hupita na unene uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama mwinamo wa kona ulikuwa umeshuka, tabaka jipya linafuata ubovu uleule, na sasa ni laini na jeusi, madereva wanaongeza kasi. Kabla ya tabaka la juu lazima litangulie tabaka la kusawazisha, nene upande wa nje na jembamba upande wa ndani. Bega nalo liinuliwe pamoja na lami. Ukiacha ngazi ya sentimita 10 ukingoni, gari likitoka na tairi moja, dereva atakata usukani kwa nguvu kulirudisha, na likipanda ngazi hiyo litaruka hadi upande wa pili.

Kupima hakuhitaji mtambo mkubwa. Ukiwa na kibali, koni za barabarani na watu wawili wa bendera, vuta kamba ya mita 20 kati ya nukta mbili kwenye mstari wa ukingo wa kona. Pima umbali kutoka katikati ya kamba hadi kwenye mstari huo. Zidisha urefu wa kamba kwa wenyewe, gawa kwa mara nane ya umbali huo. Ukipata sentimita 50, nusu kipenyo ni mita 100. Rudia sehemu tatu au nne, kwa sababu kona nyingi za zamani zimekaza katikati, na kipande kikali kabisa ndicho cha kuandika. Kwa mwinamo, laza ubao ulionyooka wa mita 2 kukatiza lami, weka pimamaji juu yake, inua upande wa chini hadi usawa upatikane, pima mwanya. Sentimita 16 ni asilimia 8, sentimita 6 ni asilimia 3. Ingiza namba hizo kwenye kanuni niliyoitaja na utajua kasi ya kona hiyo ilivyo leo. Kwa barabara za changarawe za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, fanya vilevile, lakini angalia kwanza kama dereva wa greda ameacha mgongo katikati ya kona. Kama ameuacha, ameufanya upande wa nje ushuke nje, na hilo huondoa msaada wote wa mwinamo.

Wapo watakaosema tuzinyooshe kona zote. Hapa jiografia inarudi tena. Tuseme kona inageuza barabara kwa nyuzi 60, ina nusu kipenyo cha mita 100, nasi tunataka kiwe 200. Katikati ya kona itasogea upande wa ndani mita 15.5, na kona itaanza mita 58 mapema kila upande. Simiyu au Tabora hiyo inaingia ndani ya hifadhi ya barabara, inahitaji udongo wa kujaza, kalavati mbili tatu, na imekwisha. Lakini kona za kupanda mlima hugeuza nyuzi 120 na kuendelea. Kwa nyuzi 120, kupanua kutoka mita 100 hadi 200 kunaisogeza barabara mita 100 nzima, ndani ya mwamba au hewani juu ya korongo. Tena ukifupisha njia, mlima ni uleule na mteremko unakuwa mkali zaidi. Kwa hiyo Kitonga, Sekenke na Lushoto fedha ziende kwenye upana wa kona, njia ya kupandia ya malori, kingo za chuma, maegesho ya kupooza breki juu ya mteremko, na njia za kunasia magari yaliyoshindwa breki, zenye kokoto za mviringo zisizoshikamana, zikipanda ubavuni. Fedha za kunyoosha ziende tambarare, ambako shilingi ileile inaondoa kona nyingi.

Ombi langu kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na TARURA ni kwamba kila mkoa utengeneze orodha ya kona zake na kuiweka wazi: kilometa ilipo, nusu kipenyo, mwinamo uliopimwa na tarehe ya kupimwa, umbali wa kuona, kasi inayostahili. Kwako Mhariri, waandishi wako wanapofika kwenye ajali ya konani wamuulize mhandisi wa mkoa namba hizo, pamoja na tarehe upande wa ndani wa kona ulipofyekwa mara ya mwisho, na waziandike kando ya kasi ya dereva.

Mhandisi wa barabara,
Morogoro